Mjukuu Alisoma Ukweli, Mi Nikasema Ni Uongo

Mwaka ule tulikula sombe bila ndagala, majani ya muhogo bila dagaa. Muntu wa mji wetu wa Baraka akisikia hivyo anajua ni mwaka gani. Uvuvi ulifungwa ili samaki zizaane, vichanja vya kuanikia vikabaki vitupu kama kitanda cha mjane, na bamama tukawa tunaongeza chumvi kwenye sombe ili batoto badhani kuna kitu ndani. Batoto si bajinga! Mutoto wa jirani alikoroga sahani yangu mpaka chini, akaniuliza, "Koko, samaki imejificha wapi?"

Ni kutokea mwaka ule nilikosa. Sizunguke. Nilimukatia mjukuu wangu njia ya masomo, na kisu kilikuwa ulimi wangu mwenyewe.

Nisikilize wewe unayesoma, maana hapa mtaani sina tena wa kuniamini.

Mi ni koko, bibi wa kujivuna. Nilisoma mpaka la tatu ya primere, mwandiko wangu unatembea kama kuku mwenye kamba mguuni, lakini neno halikunikosa hata siku moja. Marehemu bwana yangu alikuwa anasema, "Huyu mwanamke akizama ziwani, mwili utaenda chini, mudomo utabaki unaelea."

Mjukuu nilimulea tangu ananyonya. Jina lake nalificha. Tulikuwa tunaitana mukewenza, maana kwetu bwana ya koko ni bwana ya mjukuu pia, kwa mchezo. Asubuhi namuita, "Mukewenza, amuka! Bwana yetu anataka chai." Naye ndani ya kitanda, "Bwana yetu alishakufa, mukewenza. Kunywa ya kwake." Ndiyo sala yetu ya asubuhi hiyo. Mungu atusamehe.

Basi, ndani ya ule mwaka wa sombe kavu, shefu wa mtaa aliita baraza juu ya kufungwa kwa ziwa. Kwetu mjane hasimami barazani. Akiwa na neno, analitia ndani ya sikio la shemeji yake, shemeji ndiye anasimama kulitoa. Niliikuta desturi hiyo, nikaifuata. Nikamunong'oneza shemeji yangu, mudogo wa marehemu: "Uliza mbona kwa shefu kunanuka samaki ya mukeke ya kuchoma, na ziwa limefungwa."

Shemeji akasimama. Akakohoa. Akavuta shati. "Shefu, bamama banasema aksanti kwa amani."

Weee! Nilisikia damu inapanda. Nikasimama mwenyewe.

"Shefu, ziwa limefungwa kwa nani? Jana upepo umetoka kwako ukapita kwangu. Mi nilisonga bukari, nikaila na ule upepo, na nilishiba!"

Baraza lote likaanguka kwa kicheko. Shefu naye alicheka, meno yote nje. Nikarudi nyumbani kifua mbele, nikafikiri imeisha.

Uvuvi ulipofunguliwa, shirika moja lilikuja kwenye mashule na shindano. Mwanafunzi aandike juu ya faida ya muntu kusema bila woga, na iwe jambo la kweli alilolijua mwenyewe. Wa kwanza atapata burse: atalipiwa chuo Uvira mpaka amalize. Mukewenza alikuwa sita ya segondere, mwaka wa mwisho, na tangu mudogo alitaka kuwa avoka, wa kutetea batu kortini. Baba yake alikufa, mama yake aliolewa tena huko Ubwari, mimi ni wa vichanja vya ndagala. Chuo tungekitoa wapi? Ile burse ndiyo mlango ulikuwa wazi, mwingine hakuna.

Akaandika juu yangu! Alinisomea wakati napepeta ndagala kutoa mchanga. Aliita andiko lake "Koko alikula bukari na upepo." Yote ilikuwa ndani: shemeji na kikohozi chake, shefu na meno yake. Mwishoni alisema kwamba muntu akizoea kusema kwa mudomo wa mwingine, siku moja atashangaa kusikia kile amesema. Niliweka ungo chini. Nilicheka, kisha nililia, kisha nilimwambia aniandike mwembamba kidogo.

Walichaguliwa bachache ili kila mumoja asome mbele ya batu, ndani ya ukumbi wa parokia. Mukewenza alikuwa ndani!

Na hapa ndipo ujinga wangu wa kwanza. Badala ya kunyamaza, nilizunguka soko lote. Kwa wauza chumvi, kwa wauza mawese, kwa kinyozi. "Mjukuu wangu ameandika habari ya shefu na mukeke! Atasoma na mikro!" Hakuna adui aliyepeleka habari kwa shefu. Niliipeleka mimi, bure, na miguu yangu.

Shefu alikuja mwenyewe. Hakuja na makali. Aliomba maji, akanywa pole pole, akatazama vichanja vyangu pale pwani.

"Mama mukubwa, hiki kiwanja nani alikupa?"

"Ni baba yako, shefu. Alimupa marehemu bwana yangu."

"Eh," akasema. Akamwaga maji yaliyobaki. "Baba yangu naye alishakufa."

Aliaga vizuri, akasalimia hata jirani.

Yoo! Bila kiwanja hakuna ndagala, bila ndagala hakuna moto jikoni. Kesho yake shemeji akaja na shauri: mutoto abadilishe. Aseme koko wake alikosa barazani, kisha akafundishwa kwamba neno la mwanamke ni tamu likipitia kwa mukubwa wa jamaa. Shemeji alikuwa ameyapanga maneno yote kichwani, anatikisa kidole kama mwalimu.

Mukewenza alikuwa anatwanga sombe. Kinu chetu kilipasuka zamani, tulikuwa tunatumia cha jirani, na jirani anatumia chungu chetu. Alimusikiliza babu yake mudogo mpaka mwisho bila kuacha kutwanga. Kisha akanigeukia mimi.

"Mukewenza, na we unataka hivyo?"

Nikasema, "Ni maneno tu, mutoto wangu. Unayasoma, unapata burse, unaenda."

Akaegemeza mchi. "Kinu tunaazimana. Mudomo, hapana."

Shemeji akafoka, "Sikieni! Bado hajawa avoka, tayari anatuhukumu!" Mutoto akarudi kutwanga. Na mi, badala ya kusimama na mutoto wangu, nilitazama pwani, nikahesabu vile vichanja kwa macho, nikaogopa.

Shefu alivyosikia mutoto amekataa, alituma neno kwa shemeji: "Basi mama mwenyewe ataulizwa. Ajibu kidogo tu. Kiwanja kitabaki chake."

Nilikubali. Nilikubali, na sikumwambia mukewenza! Nilimusuka nywele kwa ajili ya siku ile, vidole vyangu ndani ya kichwa chake, na mudomo wangu tayari ulikuwa kwa shefu.

Ukumbi ulijaa. Alisoma vizuri, Mungu wangu, alisoma kama maji ya mto. Alipofika kwenye kikohozi cha shemeji, batu bakapiga meza. Mama mumoja wa shirika, mwenye miwani, alivua miwani kujipangusa machozi ya kicheko. Niliwasikia nyuma yangu: "Burse imepata mwenyewe."

Shefu akasimama, mpole.

"Bakubwa, shindano linataka jambo la kweli. Mwenye jambo iko hapa. Tumuulize?"

Bakaniletea mikro. Fikiri! Mimi mjane, maisha yangu yote neno langu linapita kwa shemeji, na siku hiyo batu bakubwa bananipa mikro ndani ya mkono, ukumbi mzima umenyamaza kunisikiliza. Mukewenza alikuwa pale mbele. Alinipandishia nyusi, ule mchezo wetu, kama kusema: haya mukewenza, ubamalize.

Nikasema, "Hapana. Mutoto alitunga."

Nilisikia sauti yangu ikitoka kwenye spika, kubwa kuliko mimi.

Mama wa miwani aliniuliza tena, kwa upole. Nikarudia. Balisogeza vichwa pamoja, bakaongea chini chini, bakamwambia mutoto kwamba andiko lake ni zuri lakini sharti la shindano ni ukweli. Burse ilienda kwa kijana wa Kilembwe aliyeandika juu ya redio. Aliandika vizuri, simulaumu.

Mukewenza hakulia. Hakusema hata kwamba mi ndiye muongo! Angeweza. Alikunja karatasi zake, akatoka, akanisubiri kwenye mlango sababu anajua macho yangu hayaoni ngazi vizuri. Akanishika mkono.

"Mama, twende nyumbani."

Mama! Si koko. Si mukewenza. Mama, kama vile unavyomwita mama yeyote aliyekuuzia nyanya.

Alipopata diploma ya Eta, ile ya kumaliza segondere, alienda Nundu kwa mama yake mudogo. Anauza unite, vocha za simu, chini ya mwavuli. Shindano ni la banafunzi. Yeye si mwanafunzi tena. Ule mlango hautafunguka mara mbili.

Nilimufuata. Nilipanda piki-piki na furushi la ndagala nzuri. Alinipokea, akanipangusia kiti, akanipikia kuku. Kuku! Chumbani akanitandikia kitanda chake, yeye akalala chini. Kila kitu kwa heshima. Heshima ile iliniuma kuliko matusi. Asubuhi nikajaribu, nikaita kutoka kitandani, "Mukewenza, amuka! Bwana yetu anataka chai."

Kisha akaingia na kikombe, macho chini. "Aksanti kwa kuja, mama. Chai ni hii."

Nilikunywa ile chai kama dawa.

Sasa nieleze vile ninaishi. Kiwanja ninacho. Vichanja vimejaa. Kila asubuhi nageuza ndagala upande huu na upande huu, na kila samaki ina jicho, na kila jicho linanitazama. Siwezi kuondoka, nitakula nini? Siwezi kukaa, nakaa juu ya shingo ya mutoto wangu. Bamama bakilalamika barazani, shefu ananionyesha kwa kidole: "Si munamujua huyu mama? Hata yeye alisema ni hadithi za kutunga." Nikifungua mudomo sokoni, bananicheka: "Koko, hii ya leo ni kweli, ao ni ya kutunga?" Nikisema kweli, mi ni muongo wa siku ile. Nikinyamaza, mi ni muongo wa leo pia. Nimefungwa, na kamba niliisokota mwenyewe!

Ilikuwa kweli. Naandika kwa mkono wangu wa kuku: mutoto hakutunga kitu. Mukeke ulinuka. Nilisimama. Nilisema vile alivyoandika, neno kwa neno, isipokuwa ule wembamba.

Bakoko bezangu, munaolea bajukuu na jasho: msifikiri mudomo ni kitu cha kumupa muntu saa moja kisha kurudi nyumbani nacho. Kiwanja kinaweza kunyang'anywa, kichanja kinaweza kuchomwa, mtajenga kingine ao mtakula na jirani. Lakini siku mutoto anakutazama mbele ya batu na kukupandishia nyusi, msitazame pwani. Nilitazama pwani mimi. Muone nilichopata: ndagala.

Naandika leo sababu shirika linarudi. Shindano lile lile, ukumbi ule ule. Na asubuhi hii shemeji amekuja, anatabasamu, kikwembe kipya chini ya kwapa, bado kinanuka duka. Nilikuwa natwanga sombe, kinu ni kile kile cha jirani.

"Shefu anakuheshimu sana," akasema. "Anataka ufungue shindano. Uvae hiki, usimame, useme kwamba kwetu hapa kila muntu, hata mjane, anasema bila woga. Kidogo tu. Nitakufundisha maneno."

Nilikitazama kile kikwembe. Ni kizuri, sidanganye. Maua ya manjano.

Niliegemeza mchi.

"Shemeji, kinu tunaazimana. Mudomo, hapana."

Alicheka kwanza. Kisha akaona sicheki. Akageuka kutazama vichanja vyangu pale chini, vile vile shefu alivyovitazama, akashusha sauti kama muntu mwenye huruma.

"Mama, usifanye hivyo. Kesho bataving'oa. Utakula nini? We uko muzee, uko peke yako. Fikiri vizuri, kisha unijibu."

Nilifikiri vizuri. Nilifikiri chai ya Nundu.

"Kinu tunaazimana. Mudomo, hapana."