Kufuli Halikugoma

Mimi ni mkosaji, na sitaki mtu anitetee. Nimeshatetewa vya kutosha! Mtaa mzima hapa Gisenyi unanionea huruma. "Maskini, kufuli lilimgomea," wanasema, na mimi nainamisha kichwa kama mfiwa. Uongo mtupu. Kufuli halikugoma. Nilikuwa nalo mkononi, zima kabisa, nikaigiza.

Nakueleza wewe kwa sababu hunijui. Nikimweleza mume wangu ataniua, na sisemi hivyo kwa mzaha.

Nimezaliwa Karagwe, Tanzania, kwa wazazi wakimbizi, nikarudi Rwanda nikiwa mtu mzima na mdomo wangu wa Kitanzania. Nikaolewa hapa, karibu na mpaka wa Kongo, kwenye ua wa mama mkwe. Mbele kuna nyumba yetu, pembeni vyumba viwili vya mpangaji, na nyuma kuna stoo aliyoijenga marehemu baba mkwe kwa mawe ya volkano. Juu zege, dirisha hakuna.

Sisi wa mpakani tunajua maana ya chumba cha namna hiyo. Wakipigana Goma, risasi hazisimami mpakani kuonyesha kitambulisho. Kwa hiyo kila aliyeishi kwenye ua ule anajua: ukisikia milio inasogea, kimbilia stoo. Hubishi hodi, huulizi ni ya nani. Mwaka mmoja tulijazana humo sote, Wakristo na Waislamu, kila mtu anasali kwa lugha yake, halafu mwanangu mdogo akajamba, tukacheka mpaka tukasahau mabomu.

Aliyecheka kuliko wote alikuwa mpangaji wetu. Nitamwita Mama Zawadi, ingawa siyo jina lake. Mwislamu, mzaliwa wa Goma, mjane, ana binti mmoja. Alikuwa akinunua sambaza kule Nyamyumba, vile visamaki vidogo vya ziwani, anavijaza kwenye beseni na kuvuka navyo kwenda kuuza. Mimi akaniita Radio, eti Kiswahili changu ni cha kusomea habari. "Radio, amuka! Tupatie habari ya leo!" Ndivyo alivyokuwa akinisalimia kila asubuhi kutoka mlangoni kwake. Nilikuwa na dada wa kuzaliwa naye, lakini rafiki yangu alikuwa yule.

Sasa siku ile milio ilianza asubuhi, upande wa Goma, mizito, ile inayotikisa bati. Tukasikia mpaka umefungwa. Mume wangu ni dereva, alikuwa Kigali. Majirani wengine walishafunga virago kuelekea Rugerero. Mimi sikuwaza kukimbia. Niliwaza unga!

Usinicheke. Wakati wa korona, tulipofungiwa ndani, nililaza watoto kwa uji usio na sukari, kisha uji ukawa maji. Niliapa siku ile kwamba njaa haitanikuta tena mikono mitupu. Kiapo hicho ndicho kilichonitia wazimu.

Tulikwenda supermaketi mimi na Mama Zawadi. Jamani, yale hayakuwa manunuzi, yalikuwa masumbwi! Watu wanapanda rafu, watu wanakanyaga mchele, askari wa mlangoni kofia imeruka. Nilidaka katoni ya mwisho ya mafuta ya kupikia, mwanamke mmoja mnene akaidaka upande wa pili. Tukavutana. Nikamng'ata mkono! Mimi, mwanakwaya, mama wa watoto wawili, nikamng'ata mtu nisiyemjua mpaka nikahisi ngozi inaachia katikati ya meno. Alipopiga yowe nikamsukumia ile katoni kifuani. Akaanguka kwenye rafu ya sabuni, rafu ikamwangukia, damu zikamtoka puani.

Sikumtazama mara mbili. Nilikuwa natafuta chumvi iko wapi.

"Radio! Uko na kichaa?" Mama Zawadi alinishika bega. "Ule ni mutu, si katoni!"

"Nishikie hizi," nikamwambia, nikamtwika.

Yeye alipata pakiti moja ya sukari na mishumaa. Mimi nilitoka na magunia ya unga, mchele, mafuta, chumvi, sabuni, maziwa ya unga, hata viberiti sikubakiza. Tulipanda na kushuka kilima cha kwetu mara kadhaa, na mizigo mingi aliibeba yeye kichwani, amezoea beseni. Hakuniuliza hata mara moja ni ya nani. Nadhani alijua ni ya ua mzima. Kwa nini asijue hivyo? Ndivyo tulivyoishi siku zote.

Alipoona naingiza vyote stoo akasimama. "Na sisi tutajificha wapi?"

"Milio iko mbali," nikasema. "Leo hawavushi huku."

"Bon. Weka basi pembeni, tuachie nafasi ya batoto."

Sikuacha. Nilijaza kuanzia sakafuni hadi juu, mpaka mlango ukawa unafungwa kwa kusukumwa na goti. Halafu nikapachika kufuli jipya. Hapo ndipo aliponitazama. Ile stoo haikuwahi kuwa na kufuli! Ufunguo nikaufunga kwenye pindo la kanga yangu. Nilikuwa na roho ya korosho siku ile, na nilijiona mwerevu.

Haukupita muda, mvua ikaanza kunyesha, na milio ikasogea. Kwanza risasi juu ya bati, ta, ta, kama mtu anarusha kokoto. Kisha bomu likaanguka mtaa wa chini, nikasikia watu wanalia kwa pamoja. Sote tukakimbilia nyuma. Mama mkwe na magoti yake mabovu, watoto wangu wawili, Mama Zawadi na binti yake. Wakafika mlangoni wakakuta kufuli.

"Fungula!" Mama Zawadi alipiga kelele. "Fungula, Mama!"

Nikafungua fundo la kanga. Nikatoa ufunguo. Nikauingiza.

Na hapa ndipo pa kuungama, ndugu yangu.

Nilijua nikifungua tu, hawataenea. Itabidi vitu vitoke. Magunia yangu yatupwe kwenye matope, mvua inanyesha, unga wote uharibike! Na watakaokaa juu ya yatakayobaki watayaona yote, na kesho watakuja na vikombe kuomba. Hayo ndiyo niliyoyawaza, mabomu yanaanguka, watoto wangu mwenyewe wameshika sketi yangu! Nikajisemea, labda lile lilikuwa la mwisho. Nisubiri kidogo tu.

Nikaanza kutikisa ufunguo bila kuuzungusha. "Limegoma," nikasema. "Kufuli limegoma!"

"Mana yanjye, Mungu wangu, leta nyundo!" mama mkwe akalia.

"Ngoja, linakuja, linakuja," nikasema, na vidole vyangu havifanyi kitu.

Mama Zawadi hakungoja. Aliwabana watoto wote watatu kwenye kona ya ukuta, wangu na wake, akawafunika kwa mwili wake, mkono wa kuume ameuzungusha nje kumkinga mwanangu mdogo, yule wa kujamba. Niliona mkono huo. Ulikuwa umemzidi mtoto urefu, kiwiko kimetokeza.

Bomu lilianguka kwenye uwanja wa jirani. Sikusikia mlio wake, nilisikia kifua changu kinasukumwa. Mparachichi wa jirani ulikatika katikati. Nilipoinuka matopeni, Mama Zawadi bado amewakumbatia watoto, ila chini ya kiwiko mkono ulikuwa unaning'inia, mfupa uko nje, na damu inaruka kwenye shati la mwanangu. Yeye hakulia. Watoto ndio waliolia.

Sasa sikiliza. Nilishika ufunguo nikauzungusha, kufuli likafunguka. Klak! Mara moja tu.

Nilitupa magunia kama kichaa. Unga ukapasuka, mchele ukamwagika, katoni ile ya mafuta niliyomng'atia mtu ikapasuka kizingitini. Niliwarusha watoto ndani, nikambeba mama mkwe, nikamvuta Mama Zawadi. Nikamfunga mkono kwa kanga yangu, ile ile ya ufunguo, nikakaza mpaka akazimia. Tulikaa humo tumelowa damu na unga, vimeshikana vimekuwa ugali kwenye mikono yangu. Mpaka leo sisongi ugali. Mama mkwe ndiye anayesonga.

Milio ilipotulia kijana wa pikipiki alitupeleka hospitali, mimi nimemshika nyuma asianguke. Mkono waliukata juu ya kiwiko.

Mume wangu aliporudi na kusikia, alilichukua lile kufuli, akaliweka juu ya jiwe, akalipiga kwa nyundo mpaka likawa bapa kama chapati. Analipiga huku analitukana, machozi yanamtoka! "Kufuli la kishenzi! Umetaka kuniulia watoto!" Nami nimesimama pale natazama. Kila nyundo iliposhuka niliihisi kichwani, na sikufungua mdomo.

Unga uliosalia ulivunda. Hazikupita siku nyingi, mpaka wa Goma ukafunguliwa, supermaketi ikajaa bidhaa tena hadi barazani. Chumvi ile ninayo bado. Nani atakula chumvi yote ile?

Mama Zawadi alirudi. Hawezi tena kujitwika beseni peke yake, wala kujifunga kitenge, maana kitenge kinataka mikono miwili. Kwa hiyo kila asubuhi naingia kwake, namfunga kitenge kiunoni, namfunga mtandio, natoka. Nilijiambia huo ndio ukombozi wangu. Kumbe bado.

Juzi nilikuwa nimepiga magoti nakaza kitenge chake, akasema polepole, bila kunitazama:

"Ile kufuli haikukatala. Nilikuonaka mukono. Haukuzungusha."

Nilitamani ardhi inimeze. Nikabaki pale chini. "Kwa nini hukusema?" nikamuuliza. "Wote hawa, mume wangu, mama mkwe... kwa nini hukuwaambia?"

"Nikisema, bwana yako atakuua. Na batoto wako watabakia na nani?" Akatazama beseni lake. "Batoto wako minawapenda sana. We, sikupendi tena. Funga, nachelewa kwa samaki."

Nikafunga. Nilifunga vibaya, akaniambia nirudie.

Wewe unayesoma hapa, najua siku zitakuja tena, watu watakimbilia madukani, na wewe utakimbia. Nunua. Lakini usijaze ule mlango ambao watu wanaukimbilia, na usiupige kufuli! Na kama umeshalipiga, basi fungua wakati wanakuita, siyo baadaye. Mimi nilifungua baadaye.

Ng'ambo kumetulia kwa sasa. Stoo yetu haina mlango tena, niliung'oa kwa mikono yangu nikaupasua kuni. Na kila asubuhi naamka mapema, nakaa kitandani nasikiliza mlango wa Mama Zawadi ukifunguka. Anamsalimia mama mkwe. Anawasalimia watoto wangu mmoja mmoja, kwa majina.

Haniiti Radio tena.