Mama anazikwa Bungoma, mimi na dada yangu tuko kwenye basi la Jeddah

Wakuu, heshima zenu. Shikamoo kwa wakubwa, wengine tusalimiane tu.

Nimepita kwenye uzi wa mkuu mmoja anayesifia mabasi na treni za Ulaya. Eti basi linaandika kwenye kibao litafika baada ya dakika ngapi, na linafika kweli. Nimesoma comments zote, nikacheka, halafu nikakosa usingizi.

Basi na mimi nilete yangu ya Saudia. Sitaongeza chumvi, maana hata bila chumvi ina uchungu wa kutosha. Mimi ni jirani yenu wa Kenya, kwa hiyo Kiswahili kikiteleza mnivumilie.

Ilikuwa ile miaka ma-agent walikuwa wanatubeba kama mizigo, kila wiki kundi jipya airport. Mimi nilienda kama house driver, Riyadh. Kazi yangu ilikuwa kupeleka watoto shule, kupeleka madam kwa shughuli zake, kusubiri kwenye jua, kurudisha wote nyumbani.

Riyadh niliijua kama kiganja changu. Lakini niliijua nikiwa nyuma ya usukani wa gari la bosi, lenye AC. Basi la mjini sikuwahi kupanda hata siku moja. Nilikuwa nawapita wale wanaongoja barabarani nikijiona mtu mkubwa kidogo.

Dada yangu Nelima alinifuata mwaka uliofuata. Yeye akapelekwa Jeddah, kazi ya nyumbani, mtaa wa Al-Rawdah. Huko ni kwa watu wenye nazo, kuta ndefu, magari mawili matatu kila geti.

Nchi moja, lakini hatukuwa tumeonana tangu afike. Mtu wa nyumbani akisikia mko wote Saudia anadhani mnakula chakula cha jioni pamoja. Riyadh na Jeddah ni safari ya kulala kwenye basi, na ruhusa ndiyo shida yenyewe.

Halafu mama akafa.

Siwezi kuwaeleza vizuri jinsi nilivyopata hiyo habari, nikianza nitaharibu uzi. Nilimwambia baba, yaani bosi wangu. Alisikitika kwa kweli, lakini karatasi za kutoka na kurudi zilikuwa zichukue muda, na kwetu maiti haikai. Akanipa Ijumaa na Jumamosi. "Nenda Jeddah kwa dada yako," akasema. Hilo nalishukuru mpaka leo.

Madam wa Nelima naye akamruhusu Ijumaa, kuanzia baada ya swala ya mchana hadi alasiri. Ni muda mfupi, lakini kwa msichana wa kazi wa kulala ndani, ni kama amepewa dunia.

Sasa shikeni hapa ndio mwelewe kilichokuwa kinanisumbua. Mimi ni kifungua mimba. Kwetu, mama akizikwa, mtoto wa kwanza lazima aseme neno pale kaburini kabla udongo haujaingia. Usiposema, kila mtu atakumbuka hukusema. Binamu yetu Wafula alipanga kila kitu: mazishi Ijumaa saa nane, yeye anapigia simu ya Nelima, anaweka yake kwenye mic, mimi naongea, watu wote wanasikia. Saa zetu na za Saudia ni zile zile, kwa hiyo hapakuwa na hesabu ya kukosea.

Nilikuwa nimeyatunga maneno yangu njia nzima kwenye basi la usiku kutoka Riyadh. Nikayarudia mpaka jamaa wa kiti cha pembeni akahama.

Nilifika Jeddah Ijumaa asubuhi, simu imezima, chaji imeishia jangwani. Na Ijumaa asubuhi, wakuu, mji ule umelala. Maduka yamefungwa, basi hakuna. Nikapata lifti ya Mkenya mlinzi anayekaa Al-Baghdadiyah, akanisogeza mpaka Al-Rawdah, akaniacha kwenye kituo cha basi karibu na nyumba ya Nelima. Nikangoja swala iishe.

Nikaona mwanamke amevaa abaya, uso wote umefunikwa, anakuja akifuata kivuli cha ukuta. Nilimjua kwa mwendo. Nelima anatembea haraka hata kama haendi popote.

Hatukukumbatiana. Mtu atashangaa, lakini wakati ule watu wa kuchunga maadili walikuwa wanazunguka na gari, na mwanamume na mwanamke wasio ndugu wakipatikana pamoja ni kesi. Sisi ni ndugu, ndiyo. Lakini ikama yangu, kile kitambulisho cha mgeni, imeandikwa Barasa, na yake imeandikwa Nelima. Kwetu kila mtoto ana jina lake, hatugawani jina la baba kama Waarabu. Sasa mweleze polisi hilo kwa Kiarabu cha kuombea maji.

Kwa hiyo tulisimama hatua chache kati yetu, tukalia tukiangalia barabara.

Alikuwa na simu yake mkononi, imejaa chaji, ina credit. Akaniambia, "Barasa, si tukae tu hapa? Wafula atapiga saa yoyote."

Mimi nikakataa. Kabla simu yangu haijazima nilikuwa nimeshaongea na vijana wetu wa Ghulail, mtaa mwingine wa Jeddah. Kule kuna Waafrika wengi, na Wakenya kama kumi walikuwa wamekusanyika kwenye chumba cha fundi mmoja wa AC. Wamepika chai, wako tayari kuimba kwa sauti ya chini ili majirani wasisikie. Nilitaka mama azikwe na watu na wimbo.

"Hapa kwa ukuta?" nikamwambia. "Tumzike mama kama watu wanangoja boda?"

"Na tukichelewa?"

"Nelima, unajua mazishi ya kwetu. MCA hajaongea, chama cha akina mama hakijaongea, mjomba hajalalamika vile hakuambiwa mapema. Saa nane ya kwetu ni saa tisa."

Akacheka kidogo chini ya ile nguo. Akanikubalia, kwa sababu mimi ndiye mkubwa.

Teksi tuliogopa kwa ajili ya yale majina. Basi likaja. Ni hapo nilipojua sijui kitu kuhusu basi la mjini la Saudia. Wanaume wanaingia mlango wa mbele. Wanawake wana mlango wao wa nyuma kabisa, na katikati kuna ubao kutoka chini mpaka juu. Huoni kitu, unasikia sauti tu.

Nelima alikuwa na simu, akaenda nyuma. Mimi nikapanda mbele. Ilitokea haraka, dereva anapiga kelele "yalla, yalla", na mimi bado nafikiria tuna saa nzima ya hotuba za watu.

Kumbe kule Bungoma pasta alikuwa na mazishi mengine ng'ambo ya mto, na mvua ilikuwa imefunga. Akasema hotuba zote zikatwe, watu watasalimiana baadaye. Mara ya kwanza katika historia ya ukoo wetu, mazishi yakaenda kwa wakati. MCA mwenyewe, yaani diwani wetu, alifika watu wanakula.

Mimi hayo sikuyajua. Nilikuwa nimekaa mbele, narudia maneno yangu moyoni.

Njiani mtu akaanza kugonga ule ubao kutoka nyuma. Jamaa mmoja Msudani akanieleza kwamba mwanamke akitaka kushuka hugonga hivyo, ndipo dereva ajue. Basi likasimama. Hakushuka mtu. Dereva, mzee fulani wa Kiarabu, akanung'unika, akaondoa gari.

Ukagongwa tena, kwa nguvu zaidi. Likasimama. Hakushuka mtu.

Mara ya tatu dereva hakusimama kabisa, akapiga kelele tu, na wanaume wote tukaungana naye kuguna. Na mimi, wakuu, nilisonya. Nilisema moyoni, huyu mwanamke ni nani asiyejua anakokwenda, anatuchelewesha wenye msiba.

Tulifika Ghulail. Nikashuka mbele, nikazunguka nyuma kumpokea. Nelima akashuka ameshikilia simu kwa mikono miwili.

Dereva naye alikuwa ameshateremka kumgombeza. Sikuelewa anagombeza nini. Nelima hakumwangalia, aliniangalia mimi.

"Wamemaliza," akasema.

"Wamemaliza nini?"

"Barasa, nimegonga mpaka mkono umeuma. Walikuita. Wafula aliweka simu kwa mic, pasta akasema tumsikize kifungua mimba. Wakangoja. Nikagonga, basi ikasimama, nikajua utakuja kwa mlango. Hukukuja."

"Nilidhani ni mwanamke anataka kushuka."

"Na kweli nilikuwa nataka kushuka."

Dereva bado anaongea. Nikamgeukia na Kiarabu chote nilichokuwa nacho. "Mama mafi," nikamwambia. Mama hayupo. Nikaonyesha dada yangu, nikaonyesha simu. Yule mzee akaweka mkono kifuani, akamwombea mama rehema, kisha akarudi kwenye gari lake taratibu.

Tulienda kwa wale vijana. Waliimba, na waliimba vizuri. Sikusikia hata ubeti mmoja. Chai ilikuwa bado moto wakati Nelima alipoondoka, maana alasiri ilikuwa inakaribia na mimi sikutaka apoteze kazi siku hiyo hiyo. Akapanda mlango wa nyuma, mimi nikabaki barabarani.

Nimejiuliza mara nyingi ni kitu gani kiliniuma zaidi. Siyo ule ubao. Ubao waliuweka wenye nchi yao kwa sababu zao. Kinachoniuma ni kwamba pale Al-Rawdah nilikuwa na kila kitu nilichohitaji. Dada yangu, simu yenye chaji, kivuli cha ukuta. Nikaona haitoshi, nikataka mazishi makubwa zaidi, nikakosa hata yale madogo.

Wakuu, ukiwa ugenini na msiba umekukuta, usitafute heshima ya msiba. Kaa na mtu wako mlipo. Watu na nyimbo vitakuja baadaye au havitakuja, lakini ile saa ikipita hairudi.

Miaka ikapita, nikamaliza mkataba, nikarudi Bungoma. Nilikuwa naogopa kuonana na watu. Nikajua mzee fulani ataniuliza mbele ya wote kwa nini kifungua mimba alinyamaza mama yake akiingia kaburini.

Hakuna aliyeuliza. Shangazi alinishika mikono, akasema, "Pole, mwanangu. Tulisikia vile ulilia ukashindwa kuongea. Kijiji chote kililia na wewe."

Nikamwangalia Nelima, aliyekuwa ametangulia kurudi nyumbani. Alikuwa anasonga ugali, hakuinua kichwa.

Nilimuuliza baadaye. Akasema, "Walikuwa wanangoja, Barasa. Ningewaambia nini? Nikawaambia uko hapa kando yangu, unalia, sauti imekataa. Nikalia kwa sauti ya watu wawili."

Haya, uwanja ni wenu. Waliowahi kumzika mzazi kwa simu, mlifanyaje? Na yale maneno ambayo hamkuyasema, mliyapeleka wapi? Mimi yangu bado ninayo yote.