Kikapu cha Masizi Kilichowashiwa Taa Nakonde

Nimewahi kukikuta kikapu changu cha jikoni, kimejaa masizi, kimetundikwa ukutani kwenye mapokezi ya lodge huko Nakonde.

Kimewashiwa taa ya peke yake.

Chini yake wamebandika kikaratasi chenye neno moja la Kizungu: FOLKSY.

Kikapu kile sikukiuza mimi, na wala hakikuwa changu peke yangu.

Ilikuwa mwaka 2013. Nilikuwa naishi Tunduma na mjukuu wangu Happy. Mimi ni mtu wa Mbebe, kule juu Ileje, na nimesuka vikapu vya mianzi tangu usichana wangu. Happy alikuwa akivivusha mpaka wa Zambia kwenda kuviuza kwenye lodge za Nakonde, maana wanapenda kuvipamba ukutani.

Siku moja akarudi navyo vyote.

"Bibi, tajiri wa lodge amevikataa."

"Vina kasoro gani?"

"Havina kasoro. Hiyo ndiyo kasoro yenyewe." Alijitupa kwenye mkeka. "Anasema vimenyooka mno. Yeye anataka vya folksy."

"Ndiyo nini hiyo?"

Akachungulia simu yake. "Ni kama kusema vya kienyeji. Vya watu wa kawaida, vya nyumbani."

"Kama kuku?"

"Kama kuku, Bibi."

Mimi ni mtu wa kawaida, na nimevisuka nyumbani. Kama hivyo si vya kienyeji, basi ni vya nani?

Kesho yake nilikwenda kanisani. Niliporudi, pale juu ya jiko la kuni, nilipotundika kikapu changu chenye maharage, palikuwa patupu. Chini yake kulikuwa na beseni jipya la plastiki, jekundu, lenye mfuniko. Ndani Happy alikuwa amemimina maharage yangu, ameyachambua hadi changarawe ya mwisho.

Mtoto yule alidhani ananifurahisha. Beseni ninalo mpaka leo.

"Happy, kikapu kiko wapi?"

"Kile cheusi? Nimempelekea tajiri. Amekipenda huyo, acha tu. Usinimaindi, Bibi, si kilikuwa kimechakaa?"

Nikakaa chini kwenye kigoda.

Sasa niwaeleze kikapu kile kilikuwa nini.

Kwetu chombo cha mtu hakirudishwi kitupu. Jirani akikuletea viazi, unamrudishia chombo chake na ndizi, au hata na chumvi kidogo kwenye jani. Chombo kitupu ni maneno mabaya.

Mume wangu alipofariki, rafiki yangu Germana alinijia na unga ndani ya kikapu kile. Nikakirudisha na maharage. Akakirudisha na viazi. Tukaendelea hivyo, watoto wakakua, wakaoa, mimi nikahamia Tunduma, na bado kikapu kikawa kinapanda na kushuka na magari ya Itumba.

Tulikuwa tumewekeana neno. Ni kikapu kilekile, hakuna kingine. Siku kisiporudi, au kikija kingine badala yake, mwenzio ajue umemwacha.

Na safari hii zamu ilikuwa yangu.

Jioni ileile simu ikaita. Ni Lwitiko, mtoto wa Germana.

"Mama mkubwa, shikamoo. Mama hali yake si nzuri. Anaulizia kikapu. Kila gari likipiga honi anasema, hicho kimefika."

"Mwambie kiko njiani," nikasema.

Kumbe kilikuwa ukutani.

Tangu hapo sikutulia. Nilimimina chai nikaisahau. Nilifagia uwanja uliokwisha kufagiwa. Happy alinifuata nyuma akisema, "Bibi, nisamehe," nami namwambia hana kosa, hakujua, huku mikono yangu inatafuta kitu cha kushika.

Asubuhi tukavuka. Malori yalikuwa yamepangana hadi mbali, na wabadilisha fedha wanaita kila mtu. Dereva mmoja aliniona nahangaika katikati ya magari yanayosogea. Akasimamisha lori lake, akashuka, akanishika mkono mpaka upande wa pili. Hakuniambia jina lake.

Tajiri wa lodge hakuwa mtu mbaya. Alinivutia kiti yeye mwenyewe.

"Mwaiseni, bamayo, karibu sana mama. Mjukuu wako ana jicho la vitu vizuri."

"Baba, nimekuja kukiomba kikapu kile."

Uso wake ukabadilika. "Hapana, bamayo. Wageni kutoka Lusaka wameshaanza kupigia picha pale. Ndicho kinachonipa lodge yangu sura."

Nikamuuliza, "Hili neno mliloandika, ni sifa au ni tusi?"

Akafikiri. "Mara nyingi ni sifa. Unalisema kwa kitu chenye ladha ya nyumbani, kisicho na majivuno. Hata mtu anayeongea kama jirani, wanamwita hivyo. Lakini likisemwa kwa mdomo uliopinda, maana yake unajifanya wa kijijini na wala si wa kijijini."

"Nami naomba nikishike tu."

Hilo hakuweza kunikatalia. Akakitungua. Mikono yake ikashuka ghafla, kama mtu aliyetarajia chepesi akapata kizito.

Ndani kulikuwa na karanga.

"Nani ameweka karanga humu?"

Mama mmoja akatoka jikoni, anafuta mikono kwenye kitenge. Ndiye mpishi wao, Fides, Mnamwanga wa hapohapo Nakonde.

"Ni mimi, bosi."

"Za nini?"

"Hiki ni kikapu cha kupelekeana. Nilikijua nilipokiona, kimelika pale mtu anaposhika. Sasa mmekitundika kitupu mlangoni, wageni wanaingia. Kwetu hiyo ni kumwambia mtu aende zake." Akatazama chini. "Moyo haukukaa. Leo asubuhi nikaona niweke kitu. Nikapata karanga."

Tajiri akakitazama kikapu, akanitazama mimi, akamtazama Fides.

"Bamayo, anakisubiri nani?"

"Mgonjwa."

Akakiweka mapajani mwangu, na karanga zake. "Utanisukia kingine," akasema. Hakutaka neno zaidi.

Tukarudi upande wetu, na kutoka Mpemba tukapanda Noah ya Itumba, kule Ileje. Kila ikisimama kupakia mzigo nilitamani kushuka nisukume. Happy akanishika goti. "Bibi, tutafika." Mbele tukachukua bodaboda hadi Mbebe, kikapu nimekikumbatia kama mtoto.

Germana alikuwa amelazwa nje juani, ameegemezwa ukutani, amekonda sana. Nilikiweka mapajani mwake bila kusema. Akaingiza mkono, akapata karanga, akaanza kutafuna kwa meno yake machache.

"Umechelewa," akasema.

Ndipo nikamsimulia yote, lodge, taa na lile neno, kwamba ni sifa ya kitu cha watu kama sisi, ila pia huitwa hivyo kitu kinachojifanya.

Germana akaanza kucheka. Alicheka mpaka Lwitiko akaja na maji.

"Tupokigwe," akaniita kwa jina langu, "hicho sicho."

"Sicho nini?"

"Kile cha msiba wa mume wako kililiwa na mchwa zamani, mimi nikiwa kwenye zamu yangu. Niliogopa. Tulikuwa tumeshawekeana neno, ungedhani nimekuacha. Nikasuka kingine. Nikakitundika juu ya moshi, nikakipaka masizi kwa kiganja, halafu nikakikalia ili kipinde kama kile."

"Ulikikalia?"

"Nilikikalia kweli. Na wewe fundi wa vikapu hukuona kitu."

Nilitaka kukasirika, sikupata pa kuanzia. "Basi folksy ni wewe," nikamwambia, na tukacheka wote wawili, huku Happy anafuta machozi kwa kanga yangu.

Germana aliondoka baada ya mavuno.

Siku chache baada ya arobaini, Lwitiko akaja Tunduma na kikapu. Ndani kulikuwa na mbegu za maharage. Alisema mama yake alizichagua mwenyewe akiwa amelala, moja moja, na aliyesema amsaidie alimfukuza.

Nilizipanda. Lakini kikapu nikabaki nacho, sina pa kukipeleka, na kila nikikiona mikono inaniwasha.

Tajiri nilimsukia kingine, kimenyooka vilevile, maana sijui kusuka vibaya. Fides akakitundika juu ya moto wake kwa muda, kikapata rangi, na kikaratasi kikabandikwa tena. Wageni wanapiga picha.

Maharage ya Germana yalipokomaa, nikajaza kile cha zamani, nikavuka mpaka, nikapita mlango wa nyuma wa lodge.

"Fides," nikamwambia, "hiki kilikuwa na karanga zako."

Wiki iliyofuata kikarudi na viazi.

Wajukuu zangu mnaosoma, watu watakuja na majina mazuri ya kuviita vitu vyenu. Wapokeeni vizuri, wapeni kiti. Lakini ukikuta chombo cha mtu nyumbani kwako, usihangaike kujua ni cha zamani kiasi gani.

Jua nani anakisubiri. Kisha tia kitu ndani.