Viti vya Gari Langu na Vitambaa vya Mama Nekesa

Ashukuriwe Mungu aliyenivumilia hadi nikaota mvi, maana kama angekuwa anaua watu kwa sababu ya majivuno, mimi ningezikwa zamani, siku zile simu za mkononi ndiyo kwanza zinaingia vijijini, tena bila hotuba. Naona haya kuisimulia aibu hii, lakini wajukuu wameanza kuisimulia vibaya, afadhali niiharibu mwenyewe.

Nilikuwa na gari kuukuu lililokaa miaka nyuma ya nyumba yangu hapa Kitale, kuku wakitagia ndani. Nilipostaafu ualimu nikaamua kulifufua. Injini ilitengenezwa na fundi, sikatai, lakini mengine yote ni kazi ya mikono yangu: nilipiga kutu msasa, nikabadilisha taa, nikafunga redio ya kaseti (iliyoimba vizuri kuliko kwaya yetu, Mungu anisamehe). Vikabaki viti, ambavyo ngozi yake ilikuwa imepauka na kupasuka kama kisigino cha mkulima. Fundi wa viti alitaka kuvivalisha upya. Nikamwambia asante, mimi nina akili. Akili yenyewe ilikuwa kuyeyusha mikebe ya rangi ya viatu, ile nyekundu ya damu ya mzee, nikachanganya na nta ya mshumaa na mafuta ya taa, nikapaka viti vyote hadi vikang'aa kama vya rais.

Kijana wangu Simiyu, ambaye tulikuwa tunajiandaa kwenda kumposea, aligusa kiti kisha akatazama kidole chake.

"Baba, hii si itashika nguo?"

"Imekauka. Wewe shughulika na mchumba wako."

Jumamosi tukaondoka kwenda Kanduyi, kwa kina Nekesa, huyo mchumba: mimi, mke wangu, na ndugu yangu Wanjala aliyekuwa msemaji wetu. Wanaume tulivaa suti za rangi ya maziwa, mke wangu akavaa nguo nyeupe ya kina mama wa kanisa. Vishikio vya kufungulia madirisha nilikuwa bado sijavifunga (fundi bingwa hana haraka), kwa hiyo tulipofika Kamukuywa, tungali njiani, tulikuwa tunatokota kama mahindi sufuriani.

"Kaka, gari ni zuri," Wanjala akasema, "lakini linapika."

Kwa kina Nekesa kila kiti sebuleni kilikuwa kimefunikwa kitambaa cheupe. Mama Nekesa alikuwa amevifuma vyote kwa mkono wake. Tukaketi, Wanjala akasimama kututambulisha, na nyumba nzima ikanyamaza ghafla.

Wewe usiyetoka kwetu, elewa kwamba mkwe ni mtu wa kuheshimiwa mpaka unamwogopa. Humshiki ovyo, hutanii naye, na sehemu yake ya kukalia huitaji kwa jina hata kama inawaka moto. Mimi, kwa hekima yangu nyingi, nilidhani wamenyamazishwa na uzuri wa gari. Basi nikasimama nikaomba sala ndefu, nikaongeza neno kidogo kuhusu usafi wa mtu wa Mungu, kisha nikawageuzia mgongo ili niwaonyeshe gari dirishani.

"Baba Simiyu," Mama Nekesa akasema akitazama sakafu, "si mhamie nje? Tumewawekea benchi pale kwa kivuli."

Wanjala akaninong'oneza, "Benchi! Ati sisi ni watu wa kungoja unga kwa posho mill?"

Nikajibu kwamba hapa panatutosha, na ili kuonyesha sina kinyongo nikahamia kochi la pili, karibu na Baba Nekesa. Naye baada ya kitambo akasema, "Mzee, huko nje kuna hewa sana." Hapo uvumilivu wangu, ule niliofundisha watoto wa Sunday school miaka yote, ukaisha.

"Mama Simiyu, chukua mkoba. Kama hatustahili viti vya watu, kijana wetu ataoa kwingine!"

Jikoni sahani ikaanguka, nikasikia Nekesa akianza kulia. Ndipo nyanya yake akatoka huko na mkongojo, na nyanya kwetu ana ruhusa ya kusema lolote.

"Nyinyi wazee wa Kitale, kabla ya kwenda na hasira zenu, jishikeni nyuma. Hayo matako mmeyapiga rangi ya viatu ndiyo yang'ae?"

"Mama!" Baba Nekesa akamaka.

"Mama nini? Nyinyi si mnaogopa? Na huyu wa kuhubiri usafi ndiye amepakika zaidi!"

Nikajishika, nikatazama kiganja. Nikatazama nguo ya mke wangu kwa nyuma. Jinsi alivyonitazama sitaeleza, kwa maana bado naishi naye. Kila tulipoketi palikuwa na muhuri mwekundu.

Nikaomba msamaha nikiwa nimesimama (ningeketi wapi?). Baba Nekesa alicheka mpaka akafuta machozi, lakini Mama Nekesa hakucheka. Alikusanya vitambaa, akavitia kwenye mfuko, akanikabidhi.

"Hatujakataa. Siku hivi vitarudi vikiwa vyeupe, tutaendelea kuongea."

Tukarudi Kitale tumekalia magunia. Kwa wiki tatu mimi, mwalimu mstaafu na mzee wa kanisa, niliinama juu ya karai kwa sabuni na ndimu, mke wangu akiwa amekataza mtu yeyote kunisaidia. Simiyu alipita kila asubuhi akiwa na heshima iliyozidi: "Habari ya kazi, Baba?"

Tuliporudi Kanduyi, Mama Nekesa alikiinua kila kitambaa kwenye mwanga wa dirisha, bila haraka, hadi cha mwisho. Halafu akavitandika vyote, akasema, "Haya, wakwe, kaeni." Ndipo Nekesa akawa binti yetu.

Viti vya gari nilimpelekea yule fundi wa viti, akafanya yale aliyoyasema tangu mwanzo. Nami niliapa kwamba watu wakinyamaza wakati najisifu, kwanza nitajikagua nyuma. Nawe uliyesoma hadi hapa, Bwana akuketishe mahali safi, akupe na mtu mmoja wa nyumba asiyeogopa kukuambia ulivyo.