Mama Kaja Darasani Kudai Uzi Wake

Leo mama yangu mzazi kaniumbua kwa somo langu mwenyewe.

Nafundisha Biolojia kidato cha sita, hapa Lushoto. Asubuhi nilibeba uzi wake wa kufumia sweta bila kuomba. (Ndiyo, na baridi hii. Najua.)

Kipande kifupi nikakifunga pete: "Hii ni DNA ya bakteria. Duara moja, haina hata chumba chake ndani ya seli."

Uliobaki nikauzungusha kwenye magunzi ya mahindi: "Hii ni yetu binadamu. Ndefu, imeviringishwa kwenye protini, ikafungiwa ndani ya kiini."

Mlango ukafunguka.

Mama.

Darasa zima likasimama: "Shikamoo bibi!"

"Marahaba wajukuu. Uzi wangu uko wapi?"

Nikajitetea kisomi. "Mama, naonyesha kwamba DNA ya bakteria imebanana, karibu yote ni jeni. Yetu sisi, sehemu kubwa haina maelekezo ya protini yoyote."

Akaitazama pete. Akayatazama magunzi. Akanigeukia mimi, na shahada yangu.

"Yaani kidudu kina uzi mfupi na wote unafanya kazi. Wewe unao wote huo, na mwingi umekaa tu?"

Akamalizia kwa Kishambaa, ili wanafunzi wasielewe, kwamba hashangai maana kanilea yeye.

Jamani, darasa zima ni Washambaa.

Wenye mama wa hivi, jitokezeni tufarijiane.

Magunzi kayabeba na uzi wake. Pete ya bakteria kaniachia.

Kasema nijifunze kwa hicho kidudu.