Wifi Aliyeshika Tama

Katika karakana ya kushona sare, cherehani zikishaanza kunguruma, masikio hayana kazi. Ukimwita aliyekaa kiti cha jirani ni kama unamwita mtu aliye ng'ambo ya mto. Basi wanawake wa pale walizungumza kwa uso na mikono. Ukiinua kidevu, msimamizi anakuja. Ukigusa sikio, kuna umbeya, tuonane wakati wa chai. Na ukishika tama huku unamtazama mwenzako machoni, maana yake ilikuwa moja tu, na hakuna aliyeifanyia mzaha: kwenu kuna msiba.

Mama Mkasi ndiye aliyekuwa mkataji. Alisimama kwenye meza ndefu ya katikati, vitambaa vimetandikwa kimoja juu ya kingine hadi vimekuwa vinene kama tofali, akaipitisha mashine ya kukatia juu ya mstari wa chaki. Akishaizungusha futi ya kupimia mara mbili shingoni, watu walijua hayupo. Mwili upo, mwenyewe hayupo. Ungeweza kumwaga ndoo ya maji miguuni pake asigeuke. Mkono ukiteleza hapo halikuwa kosa la shati moja, ni la mashati yote yaliyo chini yake, kwa hiyo hata mwenye karakana akipita karibu alinyata kama mwizi. Mama Mkasi aliipenda heshima hiyo, wala hakuona sababu ya kujifanya haipendi.

Wifi yake, dada wa mumewe, alikaa kona ya vifungo. Mama Mkasi ndiye aliyemtafutia kazi pale, akamfundisha hata kushika chaki. Shukrani ya wifi ikawa kuikodolea macho ile meza.

Siku hiyo mume wa Mama Mkasi alikuwa hospitali, amepasuliwa tumbo. Uji wa asubuhi alipelekewa na wifi. Wifi akaingia kazini amechelewa, akaenda moja kwa moja hadi ncha ya meza, akasimama, akashika tama.

Siku nyingine Mama Mkasi asingemwona. Lakini mtu mwenye mgonjwa huwa amebakiza jicho moja mlangoni. Aliinua uso, akakutana na macho ya wifi yake, na mkono ukaenda zake. Mashine ilikata mabega ya mashati, ikakata vifua, ikatokea upande wa pili. Hata hakuizima. Alikimbia mpaka hospitali na chaki mkononi, akamkuta mumewe amekaa kitandani anapuliza uji.

"Mbona unahema hivyo, mama watoto?"

Aliporudi, cherehani zote zilikuwa zimezimwa na msimamizi amesimama juu ya kitambaa kilichoharibika.

"Mimi nilishika shavu tu, bosi," wifi alikuwa anajieleza, sauti laini kama pamba. "Jino limeniamsha tangu alfajiri. Sasa mtu akiumwa jino ashike goti?"

Watu wakacheka. Hata mpiga pasi, shoga wa chanda na pete wa Mama Mkasi, alicheka kabla hajajiziba mdomo.

Ishara haina shahidi. Mama Mkasi akapelekwa kwenye vifungo, na wifi, kwa kuwa alijua chaki kidogo, akapewa meza. Nyumbani mume naye akasema jino ni jino, na yule ni dada yake. Mama Mkasi akaitikia kwa kichwa, akamwongezea chai. Aliyemjua vizuri angeogopa upole ule.

Kona ya vifungo inatazamana na meza. Akawa anashona kifungo, anamsoma wifi yake; anashona kingine, anamsoma tena. Akagundua kwamba wifi anakata kwa mikono, macho yameenda malishoni. Wawili wakinong'onezana, shingo yake inarefuka. Futi ameivaa kama mkufu.

Ikafika siku ya oda kubwa. Mwenye karakana alileta wageni, wakajipanga ukutani kutazama. Mama Mkasi alingoja mashine ifike kwenye mviringo wa kola, mahali ambapo hata yeye huwa anabana pumzi. Hapo akamgeukia mpiga pasi, akagusa sikio. Mpiga pasi akauliza kwa nyusi: nani? Mama Mkasi akasogeza midomo kuelekea mezani, akamtazama wifi nyuma, kuanzia kiunoni mpaka visiginoni, akaung'ata mdomo kama anayezuia kicheko. Mpiga pasi hakujua kinachochekesha, lakini alicheka.

Wifi aliona kwa pembe ya jicho. Mkono mmoja ukaiacha kazi, ukaenda nyuma kupapasa sketi kama imechanika. Mashine ikala kola zote.

Mngurumo ulipokatika, wifi akaja juu. "Mlikuwa mnanisema nini?"

"Nani, mimi?" Mama Mkasi alilowesha uzi kwa ulimi, akautunga kwenye sindano bila haraka. "Sikio liliniwasha, wifi. Sasa mtu akiwashwa sikio akune goti?"

Safari hii hakuna aliyecheka. Msimamizi alimtazama huyu, akamtazama yule, na uso wake ukaonyesha kwamba jino lile la siku ile sasa amelielewa. Akataka kumfukuza wifi papo hapo. Aliyemzuia ni Mama Mkasi.

"Usimfukuze, bosi. Mpe vifungo. Kiti namwachia, bado kina joto."

Watu wakasifu moyo wake. Hawakuelewa kwamba alimtaka pale, mbele ya meza, kila siku ya kazi.

Siku hizi wifi hukaa kwenye ile kona, shavu kiganjani, macho mezani. Wengine wanasema safari hii jino linauma kweli, wengine wanasema bado anajaribu. Wakati mmoja wa chai mpiga pasi akashindwa kuvumilia.

"Shoga, huna hata huruma? Wifi yako anashika tama kutwa nzima, anakutazama."

Mama Mkasi alikuwa anaifungua futi shingoni, mzunguko wa kwanza, kisha wa pili.

"Wapi?"

"Si pale, mbele yako."

"Sijamwona," akasema. "Nilikuwa nakata."