Mwalimu Asiyegeuka

Ndambuki alitaka tumwite Sensei, yaani mwalimu kwa Kijapani, na kwa miaka mitatu nilimwita hivyo bila haya, jambo linaloniudhi mpaka leo. Alitoka Makueni zamani kuja kuwachezea watalii katika hoteli moja ya Diani: Jumatatu sarakasi, Jumatano ngoma za Kimasai, Ijumaa karate. Hoteli ilipofungwa akaondoka na suti nyeupe na mkanda mweusi, akaja Msambweni, akaazima ukumbi wa kijiji na kutundika kibao: Karate ya Asili ya Japani.

Tukajipanga, watu wazima kumi na wawili, na mimi fundi cherehani nikiwa wa kwanza kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Alitufundisha kuinama. Hilo alilijua vizuri. Kisha akatufundisha kata, yaani ule mfululizo wa ngumi na mateke ambao mtu huucheza peke yake kana kwamba amezingirwa na maadui. Kata yake ilikwenda mbele, ikaenda kulia, ikaenda kushoto, ikarudi kinyumenyume. Haikugeuka hata mara moja.

Kache, mama mkulima wa mihogo kutoka Kikoneni, ndiye aliyeuliza.

"Samahani, mwalimu. Na adui akija kwa nyuma?"

"Hiyo swali ni ya nini sasa? Piga pushapu hamsini."

Akazipiga zote. Mimi nilimtazama tu, nikishukuru kwamba sikuwa mimi niliyeuliza. Nyumbani Kache aliitafuta kata ileile kwenye simu ya mwanawe, akajifunza kugeuka.

Mwaka huu chama cha karate kilimtuma mzee Jaafar kutoka Mombasa kuja kumpima Ndambuki. Akifaulu, ataidhinishwa kuwa mwalimu. Akishindwa, atavua mkanda mweusi mbele yetu. Siku ya kupimwa Ndambuki alikuja ananukia marashi kama bwana harusi. Alipiga kelele, akarusha mateke ya juu, na katikati ya kata, wallahi, akatabasamu. Mzee Jaafar alisubiri mpaka mwisho.

"Bwana Ndambuki, mbona hugeuki?"

"Wageni hawapewangi mgongo," akajibu upesi, kisha akasikia alichokisema.

Kumbe miaka yote ile tulikuwa tukifanyishwa mazoezi ya kuwaburudisha Wajerumani wakila chakula cha jioni. Nilimdharau palepale, na nafsi yangu nikaipa sehemu yake ya dharau hiyo.

Mzee akauliza nani kati yetu anajua kugeuka, Kache akainua mkono. Akaicheza kata kwa miguu mizito ya mtu wa shamba, lakini kila ilipotakiwa kugeuka aligeuka, macho makali, ngumi tayari.

"Mama, utalisimamia darasa mpaka tulete mwalimu," mzee akasema. "Nawe bwana, fungua mkanda. Ukitaka kujifunza, karibu, uanze na mweupe."

Ndambuki akaufungua mkanda, akauweka sakafuni. Angeweza kutuomba radhi, hata kwa neno moja. Badala yake akatuinamia, akatutolea lile tabasamu lake la Ijumaa, akaanza kutoka kinyumenyume kuelekea mlangoni, tulikokuwa tumevua viatu vyetu. Kisigino kikanasa kwenye ndara, akaanguka chali.

Nilicheka, peke yangu, na sijutii. Kache alikwenda akamwinua, akampangusa vumbi mgongoni.

"Pole, mwalimu," akamwambia. "Nilikuuliza."